Nusu mwaka wa darasa ndani ya kidonge: kuisoma upya makala ya madini joto ya Tanzania

Mtoto yuko kidato cha pili. Anasoma ukurasa mmoja mara tatu, haukai kichwani. Mwalimu ameandika kwenye ripoti kwamba "hayupo makini", na nyumbani kila mtu ana maelezo yake: simu, uvivu, marafiki, mapepo. Halafu ndugu aliyeko mjini anapiga simu na jibu linalosikika la kitaalamu kuliko yote: mpelekeni akapimwe tezi na vitamini.

Ushauri huo haukutoka hewani. Tezi ya thairoidi, ile iliyokaa shingoni mfano wa kipepeo, hutengeneza homoni zinazoamua ubongo ukue vipi na mwili uende kasi gani. Homoni hizo zinahitaji madini joto, yaani iodini. Na Tanzania tuna makala yetu kabisa kuhusu jambo hili, inayonukuliwa duniani kote: "Iodine Deficiency and Schooling Attainment in Tanzania", ya Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero, iliyotoka mwaka 2009 katika American Economic Journal: Applied Economics. Ukitaka kumwambia mzazi kwamba tezi na shule vinakwenda pamoja, na ushahidi ni wa hapa hapa, hiyo ndiyo utakayoishika mkononi.

Nataka tuisome hiyo makala kwa jicho kali kidogo. Ni kazi nzuri, tena ya akili. Lakini inabebeshwa mzigo ambao si wake. Na mahali pa kuipimia nitapachagua makusudi: Kinyangiri, kata ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida. Ukiwa Dar es Salaam, "kapime tezi" ni safari ya daladala. Ukiwa Kinyangiri, maabara inayopima homoni za tezi iko mbali, na hela ya nauli ni ileile ambayo ingenunua maharage, daftari au miwani. Ushauri mbaya mjini unakugharimu asubuhi moja tu, kule unagharimu mwezi.

Sasa, makala yenyewe. Kuanzia mwaka 1986 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizokuwa na watu wengi wenye rovu, ule uvimbe wa tezi shingoni. Ilikuwa hatua ya muda wakati nchi inajipanga kuweka madini joto kwenye chumvi. Kidonge kimoja kilikuwa na dozi kubwa ambayo mwili huitunza na kuitumia kidogo kidogo kwa muda mrefu. Na kama tunavyojua mambo yetu, ugawaji haukwenda kwa ratiba. Wilaya hii ilipata mwaka huu, ile ikapata baadaye, duru ya pili ikachelewa.

Hapo ndipo Field na wenzake walipoona nafasi. Ucheleweshaji ulifanya kazi ya bahati nasibu. Katika familia moja, mtoto mmoja angeweza kutungwa mimba mama akiwa na akiba ya madini joto, na mdogo wake akatungwa akiba ikiwa imeisha. Wazazi ni walewale, nyumba ni ileile na shule ni ileile, tofauti kubwa ni kidonge. Biolojia inaunga mkono wazo hilo, maana katika wiki za mwanzo za ujauzito mtoto bado hana tezi inayofanya kazi, anaishi kwa homoni za mama. Kama mama amepungukiwa, ubongo wa mtoto unaanza kujengwa kwa tofali pungufu.

Wakachukua data za Utafiti wa Bajeti ya Kaya wa mwaka 2000, wakawaangalia watoto wa miaka 10 hadi 13, wakauliza: waliokingwa tumboni wamefika darasa la ngapi? Jibu lao: walikuwa mbele kwa kati ya 0.35 na 0.56 ya mwaka wa masomo, na kwa wasichana tofauti ilionekana kubwa zaidi. Nusu mwaka wa darasa, kutoka kwenye kidonge cha bei ya chini kabisa! Ungekuwa waziri wa fedha ungeruka juu.

Tatizo langu la kwanza ni kile walichokipima. Hawakupima umakini, wala kumbukumbu, wala alama za mtihani. Walipima darasa alilofikia mtoto. Jiulize mwaka 2000 mtoto wa miaka 11 alikuwa darasa la tatu badala ya la tano kwa sababu gani. Ada ya shule ya msingi ilikuwa bado haijafutwa; ilikuja kuondolewa MMEM ilipoanza. Watoto walianza darasa la kwanza na miaka tisa, wengine kumi. Wengine walisubiri kaka amalize ndipo wao waanze, wengine walikuwa wanachunga. Katika umri huo, "miaka ya shule" inakuambia kwanza mtoto alianza lini, ndipo ikuambie kidogo ameelewa nini. Unaweza kujitetea kwamba mzazi humpeleka shule mapema mtoto aliyechangamka, kwa hiyo ubongo unahusika hata hapo. Sawa. Lakini hiyo ni njia ndefu kutoka kwenye tezi hadi kwenye daftari la mahudhurio, na katikati yake kuna mambo mengi ya nyumbani.

La pili ni namna walivyojua nani alikingwa. Ukweli ni kwamba hawakujua. Utafiti wa bajeti ya kaya haukuwauliza akina mama kama walimeza kidonge miaka kumi na kitu iliyopita. Watafiti walichukua wilaya anayoishi mtoto, umri wake kwa miaka, na mwaka wa ugawaji, wakakokotoa uwezekano wa kwamba alikingwa. Mtoto wa "miaka 12" anaweza kuwa amezaliwa mwezi wowote katika kumi na miwili, na kinachotakiwa kujulikana ni wiki chache za mwanzo wa ujauzito! Ongeza kwamba wapo waliohama wilaya, na wapo ambao hata siku ya ugawaji hawakufika. Hesabu ya namna hii inaruhusiwa, wachumi huifanya kila siku, ila inamaanisha matokeo yanategemea sana dhana: akiba ya kidonge hudumu miezi mingapi, unaanza kuihesabu lini, duru ilifanyika mwezi gani. Ukigeuza dhana moja, na jibu linaweza kugeuka.

Na ndicho kilichotokea. Niklas Bengtsson, Stefan Swartling Peterson na Fredrik Sävje waliirudia kazi hiyo. Peterson si mgeni wa habari hii: miaka ya tisini alishiriki katika tathmini ya ugawaji wenyewe wa vidonge hapa Tanzania, kwa hiyo alijua ulivyochelewa na ulivyowakosa watu. Walirudi kwenye data za awali, wakaongeza tafiti nyingine za kaya zenye watoto wengi zaidi, wakarekebisha maelezo ya mpango. Ile faida kubwa haikusimama kwa uthabiti. Wao wenyewe hawakusema madini joto hayana kazi. Walichosema ni kwamba data hizi haziwezi kubeba dai lile.

Hapa tuwe waangalifu tusiangukie upande wa pili. Kwamba ukosefu mkubwa wa madini joto wakati wa ujauzito huharibu ubongo wa mtoto si jambo la kubishania. Majaribio ya Papua New Guinea, yaliyochapishwa na Pharoah, Buttfield na Hetzel mwaka 1971, yalionyesha kwamba kuwachoma akina mama sindano ya mafuta yenye madini joto kabla ya kushika mimba kulizuia watoto kuzaliwa na ule ulemavu mzito wa akili na mwili. Kwa majirani zetu wa Kongo, kisiwani Idjwi katika Ziwa Kivu, François Delange na wenzake waliuchunguza ugonjwa huohuo kwa miaka mingi. Kwa hiyo kinachoyumba kwenye makala ya 2009 ni ile namba, nusu mwaka wa darasa. Biolojia iliyo chini yake iko imara.

Lakini hata kama namba ingekuwa sahihi hadi desimali ya mwisho, ingemwambia nini mzazi wa Kinyangiri? Hili ndilo kosa kubwa, na si la waandishi, ni la sisi tunaowanukuu. Makala inazungumzia wiki za mwanzo za ujauzito. Mtoto wetu ana miaka kumi na minne. Sehemu ile ya ubongo iliyojengwa kwa homoni za mama imeshajengwa, vizuri au vibaya, na hakuna kipimo cha damu cha leo kitakachoonyesha mama alikuwa na madini joto kiasi gani mwaka ule. Kumpima tezi kijana kwa sababu ya makala hii ni kama kukagua bati la nyumba ukitafuta kama msingi ulichimbwa kina cha kutosha.

Mtetezi wa vipimo atakuwa na hoja nzuri zaidi ya hiyo, na ingekuwa vibaya kuiruka. Madini joto hayaachi kazi mtoto akishazaliwa. Mwaka 2006 Michael Zimmermann na wenzake walichapisha majaribio ya nasibu ya Albania: watoto 310 wa miaka 10 hadi 12, kutoka eneo lenye upungufu wa madini joto wa kiwango cha kati. Nusu walipewa kidonge cha mafuta yenye madini joto, nusu kidonge kitupu. Baada ya wiki 24, waliopata madini joto walifanya vizuri zaidi katika majaribio manne kati ya saba ya akili. Mwaka 2009, New Zealand, watoto 184 wenye upungufu mdogo walifanyiwa vivyo hivyo kwa wiki 28, nao wakaonyesha nafuu katika mawili kati ya majaribio manne. Hizi ni tafiti zenye nguvu kuliko ya Tanzania kwa swali letu, kwa sababu zinahusu watoto wenye umri unaokaribia, na mgawanyo ulikuwa wa nasibu kweli, si wa kukisia.

Sasa tazama zilivyofanyika. Hakuna aliyechaguliwa kwa sababu mwalimu alisema hatulii. Watafiti walijua kwamba eneo zima limepungukiwa, wakatoa dozi bila kuangalia nani ana alama nzuri na nani mbaya. Kilichopimwa ni mafumbo ya picha na kasi ya kutambua vitu, ambavyo ni vipimo halali, ila ripoti ya shule ni kitu kingine. Kutoka hapo huwezi kupata kanuni ya "asiyemakinika apimwe tezi". Unachoweza kupata ni swali moja: je, watu wa hapa kwa jumla wanapata madini joto ya kutosha?

Swali hilo lina jibu lake, na si la damu. Watafiti huchukua mkojo wa watoto wengi na kutafuta kiwango cha katikati. Shirika la Afya Duniani huhesabu kiwango cha mikrogramu 100 hadi 199 kwa lita kuwa cha kutosha kwa watoto wa shule. Lakini sikiliza hili, maana maabara binafsi hazitakuambia: kiwango hicho ni cha kundi, si cha mtu. Mkojo wa mtoto mmoja hubadilika mno kutoka siku hadi siku, kulingana na alichokula jana na maji aliyokunywa leo. Ili kusema lolote la maana kuhusu mtoto mmoja ungehitaji kumpima kama mara kumi. Nani atafanya hivyo? Kipimo cha damu cha TSH, ile homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi ifanye kazi, nacho hakikusaidii kwa hili. Kwa watoto wa shule wenye upungufu mdogo au wa kati, TSH mara nyingi husoma sawasawa, kwa kuwa tezi imejipanua na kujibana ikamudu. Unaweza kusafiri hadi mjini, ukalipa, ukarudi na karatasi inayosema "kawaida", na upungufu wa madini joto bado upo.

Kwa Tanzania nzima, picha tunayo. Vincent Assey wa Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzake, Peterson akiwemo tena, walichapisha mwaka 2009 matokeo ya utafiti wa kitaifa uliofanyika 2004, baada ya miaka 12 ya kuweka madini joto kwenye chumvi. Walikagua shingo za wanafunzi 140,758. Rovu ilikuwa asilimia 6.9 kitaifa. Katika wilaya zilizokuwa zimeathirika zaidi na zenye takwimu za zamani, ilishuka kutoka karibu asilimia 61 hadi kama 12. Kaya zilizotumia chumvi yenye madini joto zilikuwa asilimia 83.6, na kiwango cha katikati cha mkojo kilikuwa 204, yaani kimepita kidogo hata ile ngazi ya kutosha. Ukiniuliza, hii ndiyo makala ya madini joto ya Tanzania inayostahili umaarufu. Haina ujanja wa kitakwimu, ni kazi ya kupapasa shingo za watoto laki moja na elfu arobaini.

Ila wastani wa taifa unaficha mambo. Utafiti huohuo ulionyesha tofauti kubwa kati ya wilaya na wilaya: kuna kulikozidi, kuna kulikopungua. Kwa Kinyangiri ningejali vitu viwili. Kimoja ni chumvi: je, inayonunuliwa ni ya pakiti yenye nembo, au ni ile inayopimwa kwa kopo mnadani kutoka kwenye gunia lililoshinda juani? Madini joto hupotea kwa jua na unyevu, na chumvi ya kienyeji huwa haijawekewa kabisa. Kipimo chake ni tone la maji ya wanga kwenye kijiko cha chumvi. Ikigeuka buluu, madini joto yapo. Afisa afya anaweza kupima chumvi ya nyumba arobaini kwa muda ambao mtoto mmoja anautumia kwenda kutolewa damu.

Cha pili ni uwele. Mwaka 1989 Eduardo Gaitan na wenzake walionyesha, wakianzia na habari za Darfur nchini Sudan ambako watu walikuwa na rovu huku uwele ukiwa chakula kikuu, kwamba nafaka hiyo ina kemikali za jamii ya flavoni zinazozuia tezi kufanya kazi yake. Singida uwele ni chakula cha nyumbani. Basi, msianze kuuogopa ugali wenu. Uzuiaji huo unauma pale madini joto yanapokuwa machache, na chumvi ikiwa nzuri tezi hujitetea. Kwa watu wa uwele, maana yake ni kwamba chumvi inahitaji uangalizi zaidi kuliko kwa watu wa mchele.

Tukija kwenye vitamini nitakuwa mkali zaidi, maana ushahidi ni mwembamba zaidi. Orodha inayouzwa kwa kawaida huwa na vitamini D, B12 na foliki asidi. Vitamini D kwa mtoto wa Kinyangiri? Mwaka 2012 Martine Luxwolda na wenzake walipima damu ya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 hapa Tanzania, watu wanaoshinda nje kwa maisha yao ya asili. Wastani wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, kiwango ambacho watu wengi wa Ulaya hawakifikii hata kwa vidonge. Wahadzabe ni majirani, wamo hata ndani ya Wilaya ya Mkalama. Mtoto anayetembea kwenda shule na kurudi chini ya jua hilohilo, jioni akashika jembe au fimbo ya kuchungia, si wa kuanza kumtafutia vitamini D. B12 inaweza kupungua kwa asiyegusa kabisa nyama, maziwa, mayai wala dagaa, na hapo muulize anakula nini kabla hujamtoa damu.

Kinachonishangaza ni kile kinachoachwa nje ya orodha: chuma. Pengine ni kwa sababu si vitamini, hakina mvuto wa jina. Lakini kwa kijana wa umri huu, hasa msichana aliyeanza hedhi, katika eneo lenye malaria, minyoo na kichocho, upungufu wa damu ndio mshukiwa wa kwanza wa kuchoka na kusinzia darasani. Kipimo cha wingi wa damu hakihitaji safari ndefu, ni cha kituo cha afya. Kwa msichana wa miaka kumi na minne, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu.

Hata hapo sitaki kuuza ndoto. Mwaka 1996, Baltimore nchini Marekani, Ann Bruner na wenzake waliwapa vidonge vya chuma wasichana wa miaka 13 hadi 18 ambao hawakuwa na upungufu wa damu, ila akiba yao ya chuma ilikuwa chini. Baada ya wiki nane walijifunza na kukumbuka maneno vizuri zaidi kuliko waliopewa vidonge vitupu. Katika vipimo vya umakini wenyewe hakukuwa na tofauti. Na akiba ya chuma, ambayo maabara huisoma kwa feritini, ina mtego wake: feritini hupanda mtu akiwa na homa au uvimbe wowote, kwa hiyo kwa mtoto aliyetoka kuugua malaria inaweza kuonekana nzuri wakati ghala ni tupu. Wala usikimbilie kugawa vidonge vya chuma nyumba nzima: majaribio ya Pemba yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba watoto wadogo, chini ya miaka mitatu, waliopewa chuma na foliki asidi bila kupimwa mahali penye malaria nyingi walilazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao. Umri si huu wetu, lakini mdogo wake analala nyumba hiyohiyo na kopo la vidonge liko kabatini.

Wapo watakaosema: haya yote sawa, lakini kupima kuna ubaya gani? Si unapata uhakika? Tufanye hesabu. Kiwango cha "kawaida" cha maabara kwa kawaida huwekwa kwa kuchukua watu wazima wa afya na kukata asilimia 2.5 juu na asilimia 2.5 chini. Yaani katika watu 20 wenye afya kamili, mmoja ataandikiwa nyota kwenye karatasi. Ukipima vitu kumi visivyohusiana, nafasi ya mtu mzima wa afya kupata angalau nyota moja ni asilimia 40. Tuchukue TSH peke yake: tuseme wanafunzi 1,000 wa sekondari, wawili kati yao tezi imelegea kweli. Katika wale 998 waliobaki, kama 25 watasoma juu ya mstari bila ugonjwa wowote. Sasa una karatasi 27 zenye nyota, na wagonjwa ni wawili. Wale 25, TSH yao iliyopanda kidogo mara nyingi hushuka yenyewe ikirudiwa baada ya miezi michache. Lakini nani Kinyangiri atamrudisha mtoto baada ya miezi mitatu? Kuna hatari kubwa zaidi kwamba ataanzishiwa dawa, au atapewa jina la "mwenye tezi", na sababu halisi ya kutotulia ikasahaulika. Na mjini mtu atamtumia vidonge vya mwani, ambavyo kiasi chake cha madini joto hakitabiriki, na madini joto yakizidi nayo huivuruga tezi.

Hesabu hiyohiyo inageuka kabisa ukianza na dalili. Kama mtoto ameacha kurefuka wakati wenzake wanapanda, kama shingo imevimba, kama anaona baridi wakati wengine wanatoka jasho, choo kigumu, ngozi kavu, uso umejaa, hedhi imevurugika, na alama zimeshuka pamoja na hayo, hapo TSH ni kipimo sahihi na safari ina maana. Vivyo hivyo kwa upande wa pili, ambao tunausahau: tezi inayofanya kazi kupita kiasi. Kijana anatetemeka mikono, moyo unakwenda mbio, anakonda huku anakula, halali, hakai chini. Mwalimu anaita utundu. Kwa wasichana wa umri huu ugonjwa huo huonekana zaidi kuliko kwa wavulana. Mwenye kisukari cha utotoni naye apimwe hata bila dalili, maana magonjwa hayo hutembea pamoja. Na atakayepimwa aseme kama anatumia vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina biotini, ambayo katika mashine nyingi hupotosha majibu ya tezi hadi mzima aonekane mgonjwa.

Kifaa cha kwanza cha kuchunguza tezi ya kijana, basi, ni alama ya penseli ukutani. Mpime urefu leo, andika tarehe, rudia baada ya miezi minne. Wakati huohuo mkalishe nyuma ya darasa asome ubaoni kwa jicho moja moja. Muulize amekula nini tangu asubuhi na amelala saa ngapi. Haya hayana maabara, na yanawakamata watoto wengi kuliko ile orodha ya vipimo.

Kurudi kwa Field na wenzake. Swali lao bado ni zuri na bado halijajibiwa inavyostahili kwa Tanzania. Ili lijibiwe ingehitajika data yenye mwezi wa kuzaliwa, wilaya aliyozaliwa mtoto badala ya anayoishi, kadi ya kliniki ya mama, na alama za mtihani badala ya darasa alilofikia. Vipande hivyo vipo, kimoja Wizara ya Afya, kingine Baraza la Mitihani, kingine Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na hakuna uzi unaoviunganisha. Anayetafuta mada ya shahada ya uzamili, hii ipo wazi. Na akitaka kuanza na Kinyangiri ajue kwamba kwenye majedwali ya 2004 hataikuta Mkalama: wilaya hiyo ilikuja kumegwa kutoka Iramba mwaka 2012, kwa hiyo namba zake atazitafuta humo.